Kimo Kinabebwa na Nani? Vifaa vya Kumvusha Ngazi Mtumiaji wa Kiti Mwendo

Kila jengo lenye ngazi humdai mtu nguvu ya kuinua uzito wake kutoka sakafu moja hadi nyingine. Anayetembea hulilipa deni hilo kwa misuli ya mapaja bila hata kulifikiria, lakini anayetumia kiti mwendo hana njia hiyo ya malipo, na kwa hiyo lazima kitu kingine kilipe kwa niaba yake: zege lililomwagwa kwa mteremko, mota iliyofungwa ukutani, betri iliyo chini ya kiti, au mikono ya watu wengine. Vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii ni vingi, na matangazo ya biashara huvichanganya kana kwamba vyote ni kitu kimoja chenye bei tofauti. Njia nyepesi ya kuvitenganisha ni kuuliza, kwa kila kimoja, ni nani au ni nini kinachobeba kimo. Kilichojengwa ndani ya jengo humhudumia kila anayefika. Kilichomo kwenye kiti humhudumia mwenye kiti peke yake, popote aendapo. Na kinachohitaji msaidizi hakimhudumii mtu yeyote siku ambayo msaidizi hayupo.

Hesabu ya njia mteremko

Njia mteremko, ambayo mafundi wengi huiita rampu, ndiyo ya kale kuliko vifaa vyote hivi, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kila fundi anaamini kwamba anajua kuijenga. Kiini chake ni uwiano kati ya kimo na urefu. Viwango vya Marekani vinavyotokana na sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu vinaweka ukomo wa 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Vinataka pia upana usiopungua sentimita 91, reli za kushikilia pande zote mbili pale kimo kinapozidi sentimita 15, na sehemu tambarare ya kupumzikia yenye urefu wa mita 1.5 kila kimo kinapofika sentimita 76. Uingereza ina mwongozo mkali zaidi: 1:12 huruhusiwa kwa njia fupi isiyozidi mita 2, na njia ikifika mita 10 mwinuko wake lazima upunguzwe hadi 1:20.

Chukua kibaraza cha duka chenye vidato 3 vya sentimita 15 kila kimoja. Kimo chote ni sentimita 45, kwa hiyo njia mteremko ya 1:12 itahitaji mita 5.4. Fundi aliyeambiwa aweke rampu bila kugusa maegesho ya magari hupata nafasi ya mita 1.8 hivi, naye hujenga 1:4, akaipaka rangi ya njano na kuchora alama ya kiti mwendo ubavuni. Tofauti ya namba hizo mbili huhisiwa mikononi. Mtu na kiti chake wakiwa na kilo 90 kwa pamoja, kwenye 1:12 anasukuma dhidi ya nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7.5, mfululizo, kwa kuwa akiachia tairi linarudi nyuma. Kwenye 1:4 nguvu hiyo inakaribia kilo 22. Tena kabla mikono haijashindwa, kiti chenyewe huanza kutaka kupinduka: uzito wa mwili unasogea nyuma kuelekea ekseli ya magurudumu makubwa, na kila msukumo unainua yale madogo ya mbele. Kushuka nako si nafuu, kwa kuwa breki za kiti cha kusukumwa kwa mkono ni za kuegeshea tu, na kinachozuia mwendo ni viganja vinavyosuguana na pete za magurudumu.

Kwa maoni yangu, rampu ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosekana kabisa, kwa sababu mkaguzi huiona, akaweka alama ya vema kwenye fomu yake, na suala likafungwa. Zipo pia kasoro ambazo hazionekani katika namba za uwiano. Vigae vinavyong'aa vinavyopendwa sana kwenye maingilio ya benki na hoteli huwa utelezi mtupu mvua inaponyesha. Rampu isiyo na ukingo pembeni humwacha mtu atumbukize gurudumu moja nje. Mlango unaofunguka kuelekea nje, mahali ambapo hakuna sehemu tambarare juu ya mteremko, humtaka mtu azuie kiti kwa mkono mmoja na kuuvuta mlango kwa mkono mwingine huku akirudi nyuma kuupisha, jambo ambalo haliwezekani kwa mikono miwili tu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha mahali njia mteremko inapoishiwa. Ghorofa moja yenye kimo cha mita 3 inadai mita 36 za mteremko, na zikiongezwa sehemu 3 za kupumzikia jumla inapita mita 40, urefu ambao viwanja vingi vya mijini havina. Daraja la waenda kwa miguu lililoinuliwa mita 6 juu ya barabara kuu linahitaji mita 72 kila upande kabla ya kuhesabu sehemu za kupumzikia, na mtu anayejisukuma kwa mikono atapanda urefu huo wote ili avuke barabara ambayo upana wake pengine haufiki mita 40. Ndiyo maana wengine huhatarisha maisha na kuvukia chini, katikati ya magari, licha ya daraja kujengwa kwa kufuata viwango. Yaani njia mteremko ni jibu zuri kwa kimo cha kizingiti, kibaraza na ukumbi, lakini si jibu kwa kimo cha ghorofa.

Wahandisi wa usafiri wameligeuza tatizo hili kwa namna inayostahili kutazamwa. Badala ya kumwinua abiria mbele ya kila basi, wanainua kituo kizima mara moja, ili sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziwe usawa mmoja. Mji wa Curitiba nchini Brazil ulifanya hivyo kwa vituo vyake vyenye umbo la bomba vya mwaka 1991, na mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yanafuata wazo hilohilo: kimo kinapandwa kwa njia mteremko ya kituo, bila haraka, na kuingia ndani ya basi kunabaki kuwa kuvuka ufa. Ufa huo hata hivyo si jambo la kudharau, kwa sababu gurudumu dogo la mbele hunasa kwa urahisi, na upana wa ufa unategemea dereva anavyoisogeza basi kwenye ukingo wa kituo. Kwenye daladala au matatu hesabu haipo kabisa. Kimo kinabebwa na kondakta na abiria wenye moyo, pale wanapokubali kusimama.

Zipo pia rampu za kubebeka, za alumini, zinazokunjwa na kuwekwa kwenye buti ya gari. Zinafaa kwa kizingiti au kidato kimoja, na kwa kupakia kiti cha betri kwenye gari. Muuzaji atakuonyesha ya mita 2 na kusema inatosha kwa vidato viwili au vitatu, naye atakuwa amesema kweli nusu: inatosha ikiwa kuna msaidizi mwenye nguvu nyuma ya kiti.

Lifti, jukwaa na kiti cha reli

Kimo kikizidi mita moja hivi, mashine iliyofungwa kwenye jengo ndiyo inayoanza kuwa na maana. Lifti ya kawaida inajulikana, lakini vipimo vyake havijulikani sana. Chumba cha lifti kinachomtosha mtumiaji wa kiti mwendo na mtu mmoja wa kumsindikiza ni cha upana wa mita 1.1 na kina cha mita 1.4, na mlango usiopungua sentimita 80. Ndani ya chumba cha ukubwa huo kiti hakigeuki. Mtu huingia kwa mbele na kutoka kinyumenyume, na kioo kilichobandikwa ukuta wa nyuma, ambacho wengi hudhani ni cha kutazamia nywele, kipo ili aone anakorudi. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono, ambayo watu wengi wa miji yetu huitumia kwa safari ndefu, haiingii humo hata kidogo. Kuna pia kituko kinachorudiwa katika majengo mengi, cha lifti nzuri inayoanzia juu ya vidato vitano vya ukumbi wa kuingilia.

Lifti ya jukwaa ni ndugu mdogo wa lifti ya kawaida. Ni jukwaa tupu linalopanda wima kwa parafujo kubwa au kwa mtambo wa haidroliki, na faida yake kuu ni kwamba haihitaji chumba cha mitambo wala shimo refu chini, hivyo yaweza kuongezwa kwenye jengo lililokwisha kujengwa. Viwango vya Ulaya vinaiwekea mwendo usiozidi mita 0.15 kwa sekunde, kwa hiyo kupanda mita 3 huchukua sekunde 20 au zaidi, na mtumiaji hutakiwa kushikilia kitufe muda wote. Akikiachia, jukwaa husimama. Kwa mtu mwenye vidole dhaifu, kitufe hicho ndicho kinachoamua kama mashine ni yake au ya msaidizi wake, na ni vyema kijaribiwe na mtumiaji mwenyewe kabla ya kununua.

Pale ambapo hakuna nafasi ya kupanda wima, jukwaa linaweza kupanda kwa ulalo, likiteleza kwenye reli zilizofungwa ukutani mwa ngazi na kukunjwa kazi inapokwisha. Ni suluhisho la werevu, lakini linataka ngazi yenye upana wa karibu mita 1 au zaidi, na linapotembea hakuna mwingine anayepita. Nalitaja hasa kwa sababu ndilo linalopendekezwa mara nyingi kwa majengo ya kihistoria, na katika pwani yetu pendekezo hilo hugonga ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa dari za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, na ngazi zikabanwa kati ya kuta nene, nyembamba na zenye mwinuko mkali. Hakuna reli itakayopita humo bila kubomoa. Katika nyumba kama hizo jibu mara nyingi si mashine, bali ni kuishusha huduma: ofisi, darasa au chumba cha daktari kihamie chini, na rampu fupi ya kubebeka ivushe kizingiti cha mlango.

Kiti cha reli, kinachomkalisha mtu na kumpandisha pembeni mwa ngazi, nitakipitia upesi. Kinamfaa mzee anayetembea lakini magoti yamemchosha. Mtumiaji wa kiti mwendo lazima ajihamishe kutoka kiti chake, apande, kisha ajihamishe tena kwenye kiti cha pili kinachomngoja juu, na asiyeweza kujihamisha peke yake hapati lolote.

Mashine zenye msaidizi

Kati ya jengo na kiti kuna kundi la mashine ambazo ni mali ya familia, shule au hospitali, na ambazo huendeshwa na mtu wa pili. Aina moja hutumia mikanda ya mpira yenye meno, jamii ya mikanda ya tingatinga. Kiti mwendo hufungwa kwenye fremu, msaidizi hukiinamisha nyuma, na mikanda huparamia ngazi ikishika kingo za vidato kadhaa kwa wakati mmoja. Ni imara na haidai ujuzi mwingi, ila ni nzito, haipendi ngazi yenye mwinuko unaozidi nyuzi 35 hivi, haiwezi ngazi za mzunguko, na inahitaji sehemu tambarare pana katikati ya ngazi ili igeuke. Aina ya pili haina mikanda. Ina magurudumu madogo yanayozungushwa na mota ili kuinua mzigo kidato kimoja baada ya kingine. Hiyo ni nyepesi, huvunjwa vipande na kuingia kwenye gari, na hupita hata ngazi za mzunguko, lakini mizani yote iko mikononi mwa msaidizi. Anayeitumia bila mafunzo anamweka mtu mwingine hatarini, na mafunzo hayo hayapatikani kwa kusoma kijitabu kilichomo kwenye boksi.

Kwa familia inayoishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga isiyo na lifti, hali iliyozoeleka Nairobi na Dar es Salaam, mashine hizi huenda zikawa njia pekee ambayo mpangaji anaweza kuinunua bila ruhusa ya mwenye nyumba. Bei yake kwa kipato cha kawaida ni kubwa. Hata hivyo inafaa kuilinganisha na gharama isiyoandikwa popote, ya migongo ya ndugu wanaombeba mtu kila anapokwenda kliniki, na ya kliniki anazoacha kwenda kwa kuona haya kuomba tena.

Kubeba kwa mikono nako kuna ufundi wake, na kwa kuwa ndiyo njia inayotumika kuliko zote, haifai kuachwa bila maelezo. Kiti hupandishwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakigusa kidato, msaidizi mwenye nguvu zaidi akiwa juu na kushika mipini, na wa pili akiwa chini, akishika fremu yenyewe. Kamwe mtu asishike viegemeo vya mikono wala vikanyagio, kwa kuwa hivyo hutengenezwa ili vichomoke. Magurudumu ya nyuma ya kuzuia kupinduka, kama yapo, hugeuzwa au kutolewa kwanza. Anayebebwa ndiye anayetoa amri ya kuanza na ya kusimama.

Lakini kubebwa hakumfanyi mtu awe amefika mahali kwa haki sawa na wengine. Mahakama Kuu ya Marekani ililazimika kulitazama jambo hilo katika kesi ya Tennessee v. Lane, iliyoamuliwa mwaka 2004. Mshtakiwa aliyekuwa akitumia kiti mwendo aliitwa kwenye mahakama ya kaunti iliyokuwa ghorofani, bila lifti. Mara ya kwanza alitambaa ngazini hadi juu. Mara ya pili alikataa kutambaa na akakataa pia kubebwa na maofisa, naye akakamatwa kwa kosa la kutofika mahakamani. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba watu wenye ulemavu wanaweza kulishtaki jimbo kwa kunyimwa njia ya kufika mahakamani.

Kiti kinachopanda chenyewe

Kifaa kinachovuta macho kuliko vyote ni kile kinachopanda ngazi na mtumiaji wake bila mtu wa kukiendesha wala mashine iliyofungwa ukutani. Kilichojulikana zaidi ni iBOT, kilichobuniwa na mhandisi Mmarekani Dean Kamen na kutangazwa mwaka 1999. Kina jozi mbili za magurudumu makubwa zinazozungukana. Vihisi vya jairoskopu hupima wakati wote mwili umeegemea wapi. Mtumiaji anapoinamia nyuma, jozi moja huviringika juu ya nyingine na kukanyaga kidato kinachofuata. Hupanda kinyumenyume, akitazama chini ya ngazi, akiwa ameshika reli ya ngazi au akisaidiwa na mtu. Kiti hicho kiliweza pia kusimama juu ya magurudumu mawili tu na kumwinua mtumiaji hadi macho yake yakawa sawa na ya mtu aliyesimama, na ujuzi huo wa mizani ndio uliozaa Segway, chombo cha magurudumu mawili anachoendesha mtu akiwa amesimama, mwaka 2001.

Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikiidhinisha Agosti 2003. Bei yake ilizidi dola 20,000. Mwaka 2006 Medicare, bima ya serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu, iliamua kwamba kazi zake za ziada, ikiwemo kupanda ngazi, hazimo katika vifaa inavyolipia, na mwaka 2009 utengenezaji ukasimamishwa. Kikarudi sokoni mwaka 2019 katika toleo jipya la kampuni ya Mobius Mobility. Ulaya ilifuata njia nyingine: wanafunzi wa chuo cha ETH cha Zurich walitengeneza kiti chenye mikanda ya mpira chini yake, wakashindana nacho kwenye Cybathlon, mashindano ya watu wenye ulemavu wanaotumia teknolojia saidizi, ya mwaka 2016 yaliyofanyika Kloten, Uswisi, na kutokana na kazi hiyo ikaundwa kampuni ya Scewo.

Kisa cha iBOT husimuliwa kama kisa cha uvumbuzi uliokosa bahati. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Mashine ilifanya kazi, lakini ilimhamishia mtu mmoja mzigo ambao jengo lilipaswa kuubeba kwa niaba ya wote, na bei ya mzigo huo ikampata yeye. Kiti cha bei hiyo kikipanda vidato sita vya ofisi ya umma, vidato vimebaki vilevile kwa mwenye kiti cha kawaida anayemfuata nyuma. Tena mashine ya namna hiyo ina uzito unaozidi kilo 100 pasipo mtu, hivyo ikizimika katikati ya ngazi hakuna wa kuibeba. Hilo halimaanishi kwamba haina thamani. Kwa anayeishi na kufanya kazi katika miji ya mawe na milima, ambako majengo hayatabadilika katika uhai wake, ni uhuru usio na mfano. Ila serikali au shirika linapotafakari fedha zake ziende wapi, sioni hoja inayoiweka mbele ya lifti moja ya jukwaa.

Kwa upande wa kiti cha kawaida kuna jambo dogo lenye faida kubwa ambalo halinunuliwi: ustadi wa kusimama kwa magurudumu ya nyuma. Mtu aliyefundishwa huinua magurudumu madogo, akayatua juu ya ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 10, kisha akasukuma. Ustadi huo unategemea kiti kilichopimwa kwa mwili wake na chenye ekseli mahali panapofaa, jambo ambalo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwa nchi zenye rasilimali chache ulilisisitiza. Moshi, katika TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilicho kwenye hospitali ya KCMC, mafundi wamefunzwa kazi hiyo kwa miaka mingi, na karakana za Bombolulu huko Mombasa zimekuwa zikitengeneza viti mwendo. Kiti cha msaada kilichotolewa bila kupimwa, kipana kupita nyonga za mwenyewe, hakivuki hata ukingo wa sentimita 5.

Umeme, sheria na moto

Anayetaka kuchagua kifaa kwa nyumba au taasisi ya Afrika Mashariki aanze na umeme, si na bei. Viti vingi vya reli na baadhi ya lifti za jukwaa huendeshwa na betri zinazochajiwa na umeme wa gridi, hivyo umeme ukikatika bado hufanya safari kadhaa. Lifti ya kawaida isiyo na jenereta husimama pale ilipo, isipokuwa imefungwa kifaa cha dharura kinachoisogeza hadi ghorofa iliyo karibu na kufungua mlango. Mtambo wa haidroliki huweza kushushwa kwa mkono kwa kufungua vali. Baada ya umeme ni uzito: kiti cha betri chenye kilo 130 na mtu mwenye kilo 80 ni kilo 210, na jukwaa lililopimwa kwa kilo 225 linabakiwa na nafasi ya begi tu. Halafu aulize vipuri viko wapi na nani ataifanyia mashine matengenezo mwaka wa tatu, kwa sababu lifti iliyokufa huzoeleka haraka na kugeuzwa stoo ya mafagio.

Kuhusu nani alipe, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaigawa kazi katika ibara mbili tofauti. Ibara ya 9 inahusu majengo, barabara na usafiri. Ibara ya 20 inahusu vifaa binafsi vya mwendo kwa gharama ambayo mtu anaimudu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma, na sheria mpya ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Mmiliki wa jengo la umma anayemshauri mteja wake anunue kiti kinachopanda ngazi anachanganya ibara hizo mbili, na kwa kawaida anafanya hivyo kwa faida yake.

Linabaki suala ambalo wauzaji wa lifti hawalitaji. Moto unapowaka lifti ya kawaida haitakiwi kutumika, na mtu aliyepandishwa na mashine hadi ghorofa ya nane anajikuta amerudi kwenye ngazi, safari hii akishuka. Kwa ajili hiyo kuna viti vya kushushia, vyepesi, visivyo na mota, vyenye mikanda inayoteleza kwenye kingo za vidato huku uzito wa mtu wenyewe ukizuia kasi. Mtu mmoja aliyefunzwa huweza kumshusha mwenzake. Baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993 katika majengo ya World Trade Center jijini New York, viti vya aina hiyo vilinunuliwa, na majengo hayo yaliposhambuliwa tena mwaka 2001 vilitumika kumshusha mtumiaji wa kiti mwendo kutoka juu ya ghorofa ya 60, wenzake wa ofisini wakipokezana. Viti hivyo vinatakiwa kutundikwa ghorofa za juu, karibu na mlango wa ngazi, na katika kila zamu ya kazi wawepo angalau watu wawili waliokwisha kukishusha kimoja kikiwa na mtu ndani yake. Majengo mengi yaliyovinunua yameviweka mapokezi, chini.